Maji Nyuma ya Goli

Siku tuliyomzika Kipa, sheikh alisimama kando ya jeneza akauliza lile swali ambalo huulizwa kwa kila maiti: "Ndugu yenu huyu mnamshuhudia vipi?" Umati ukajibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Akauliza tena kama tumemsamehe, wakajibu tumemsamehe. Nilizitazama nyuso zile, nyingi nazijua tangu ujana wetu, nikajiuliza ni nani aliyempa mtu yeyote pale haki ya kumsamehe Kipa. Mimi sikujibu. Nilikuwa na neno langu la kusema, na mahali pake palikuwa pale pale, kabla ya udongo. Jeneza likainuliwa, nami nikalifuata nimeinamisha kichwa sawa na waombolezaji wengine, na neno nikarudi nalo nyumbani.

Jioni hiyo kundi letu la simu, lile la mashabiki wa zamani, lilijaa sifa. Picha yake ya ujanani ilizungushwa mpaka ikafifia, ile aliyoruka nusu ya goli, mwili wote umelala hewani, vumbi jekundu chini yake. Mmoja akaandika kwamba Garissa haitapata tena mlinda lango wa aina ile. Nilimkumbuka mwandishi huyo vizuri. Alikuwa wa kwanza kuvua kandambili yake na kumtupia Kipa usoni. Sikuandika kitu, kwa sababu kandambili ile haingeruka kama si mimi.

Jina lake sitalitaja. Mjini hapa alikuwa Kipa tu, hata mkewe alimwita hivyo, na yeye mwenyewe alijiita Kiba, kwa sababu ulimi wake wa Habaswein haukuwahi kupatana na herufi ya P. Sisi wawili ni Wasomali, lakini mambo ya mpira tuliyazungumza kwa Kiswahili. Nusu ya timu ilikuwa vijana wa mtoni na watoto wa askari na walimu kutoka bara, basi Kiswahili cha uwanjani kikatuzoea, kikawa kinatufuata hadi kwenye chai.

Mikono yake ilitisha. Kidole cha kati cha kushoto kilivunjika kikaungana vibaya, kikawa kinaelekea upande wake chenyewe, na alipokusalimia ulikisikia kikikuchoma kiganjani. Msimu wake wa kwanza alidaka kwa glavu za fundi wa kuchomelea vyuma, ngumu na zenye matundu ya moto. Klabu ilipompatia glavu za kweli alizivaa mechi mbili akazirudisha. "Hii ni laini sana," alisema. "Mbira inalala ndani." Akaendelea na zake za fundi mpaka zikaoza.

Uwanja wetu wakati huo ulikuwa ardhi tupu, na goli la upande wa kusini lilikuwa na mawe mengi kuliko lile la kaskazini. Kabla ya kila mechi Kipa aliinama akaokota mawe na miiba ya mti wa mathenge katika eneo lake, akayatupa nyuma ya goli, yaani miguuni petu mashabiki. Tulimtukana, naye hakugeuka. Mechi ikiisha alikuja kuyakusanya akayarudisha uwanjani. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Akanijibu kwamba kipa wa wageni wiki ijayo naye ana mgongo, basi ajiokotee mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa, mchoyo wa mambo madogo. Kwenye mchezo wa shax, ule wa vijiwe kwenye mchanga, alikuibia mbele ya macho yako na ukimshika ananuna siku mbili. Lakini mwaka ule mafuriko yalipozoa nyumba za wakulima wa mtoni, alihamishia nyumbani kwake familia nzima ya beki wake wa kulia, watu tisa, wakakaa hadi maji yakashuka, na hakuna aliyemsikia akilitaja.

Siku ya mechi hasalimii mtu. Ungempa salamu ya Mwenyezi Mungu akaijibu kwa nyusi tu. Wazee wa klabu walimlalamikia kwamba ana kiburi, naye akawaambia kwamba mdomo una kazi moja tu siku hiyo, kuwapigia kelele mabeki. Sifa hakuzitaka. Ukimwambia umedaka vizuri, anakuuliza kwani ulitaka adake vibaya. Na lawama pia hakuzijibu. Alikuwa na msemo wake ambao watoto walimwiga mitaani: "Kiba hajitetei. Kiba anadaka."

Msemo huo tulicheka nao miaka. Sasa siwezi kuusikia.

Na mimi ni nani? Mimi ni dalali wa mnada wa mifugo. Wasiojua kazi yetu hudhani ni kazi ya makelele, kumbe ni ya kimya. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na bei inasemwa kwa vidole, kifundo kwa kifundo, mtu wa pembeni asijue. Dalali hukaa katikati akapeleka vidole vya huyu kwa yule. Wakikubaliana, wanabana vidole vyote vitano mara moja, na hapo biashara imefungwa. Anayebana vidole kisha akageuka, mnadani hapati tena mkono wa kushika. Kwa kazi hiyo mdomo wangu ulikuwa ukilala wiki nzima, na sauti yangu yote niliitunza kwa ajili ya mpira. Ilikuwa sauti kubwa, sijisifu, watu walisema inafika ng'ambo ya Tana. Nilisimama nyuma ya goli la Kipa, mechi zote, na kipindi cha pili nikahama naye. Alipoanza kunizoea aliniuliza bila kugeuka, "Warya, dalali, ubebo unatoka wapi?" nami namwambia upepo unatoka mtoni, basi anasogea hatua moja. Mimi shabiki nilijiona nusu ya kipa. Nilimpenda mtu yule, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Mwaka wa sita wa kusimama kwangu pale, mvua ilikata barabara ya Wajir, na wageni wetu wakakwama Habaswein na basi lao. Mechi ya mwisho ya kombe ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikaangukia siku za mwanzo za Ramadhani, alasiri. Ingeweza kuahirishwa. Lakini kila upande ulidai mwenzake anaogopa, na mambo ya watu wetu unayajua, ukishaambiwa unaogopa hakuna tena majadiliano. Tulifunga, tukaenda uwanjani. Jua lilikuwa la kuchemsha chai. Walioweza walijifunika mashuka yaliyolowekwa maji, na wachezaji wasiofunga, wale wa bara, walikunywa ndani ya chumba cha refa wasionekane, kwa heshima.

Kipindi cha pili tulikuwa tumeshafungwa moja, mpira wa kawaida uliompita Kipa chini ya mkono. Hakuwahi kufungwa goli la namna ile. Nilimwona ameshika ubavu. Niliona pia uso wake umekuwa wa majivu, lakini nilikuwa na hasira na sikutaka kuona zaidi. Mpira ukaenda upande wa pili, watu wote wakaufuata kwa macho. Mimi nilibaki namtazama yeye, kwa mazoea. Akachuchumaa karibu na mlingoti, akaugeuzia uwanja mgongo, akafunua taulo lake. Ndani mlikuwa na chupa ya maji. Akanywa. Alikunywa mafundo marefu, macho ameyafumba, na alipoyafumbua tukatazamana. Tulikuwa umbali wa hatua nne.

Aliinua kiganja. Kile kiganja alichowaonyesha mabeki wake kila mara, maana yake ngoja, tulia, usikimbilie.

Sikungoja. "Kipa anakula Ramadhani!" nilipaza sauti. "Jamani, Kipa anakunywa maji!" Sauti ile niliyoitunza wiki nzima ikatoka yote. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kuna wakati nilijiambia ni kwa ajili ya dini. Uongo. Nilipiga kelele kwa sababu tulikuwa tumefungwa, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na kiu.

Yaliyofuata kila mtu mjini anayajua, isipokuwa chanzo chake. Maneno yalizunguka uwanja haraka kuliko mpira. Kandambili zikaanza kuruka. Mabeki wake wakasimama wakimtazama, krosi ikaja, na Kipa hakunyanyua mkono. Mpira uliingia huku amesimama wima anaangalia watu wake. Baada ya filimbi alijifunika lile taulo kichwani akapita katikati yetu kwenda nyumbani kwake kwa miguu. Wiki hiyo hiyo wazee wa klabu wakamwita, wakamuuliza kama ni kweli alikunywa. Akasema ni kweli. Wakamuuliza ana la kusema. Akasema hana. Wakamtoa kwenye timu kwa heshima ya mwezi, na hakudaka tena mechi yoyote.

Watoto wakampa jina jipya, Biyo, yaani maji. "Biyo! Biyo!" walimwimbia kutoka nyuma ya nyua za miti, na wazazi wao wakawakemea wakicheka. Alipata kazi ya kutunza ghala la mbao, akawa anaketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, na hata pale wateja walimtania kama ameficha chupa chini ya mbao. Kiba hajitetei.

Lakini alianza kufunga. Alifunga Ramadhani zote, na zikiisha akafunga sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, katika joto hili letu ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya stima. Alifunga hadharani, kama anayelipa mbele ya mashahidi. Tulipompitia ghalani Alhamisi mchana tukamkuta midomo imepasuka, tuliambiana kwamba mtu huyu ametubu kweli. Nami, Mungu anisamehe, nilijisifu. Nilikaa na watu kwenye chai nikasema, mnaona, kelele ile ilimsaidia, imemrudisha kwenye njia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa akikumbuka ni nani hasa aliyepaza sauti siku ile. Walikumbuka kwamba ilitoka nyuma ya goli, na nyuma ya goli tulikuwa wengi.

Miaka ikapita hivyo. Alfajiri za Jumamosi, kabla joto halijapanda, aliwafundisha makipa wadogo kwenye kiwanja kimoja karibu na mto, bila kuombwa. Aliwafundisha kuokota mawe. Wakati mwingine alisimama ghafla akashika ubavu, akangoja, kisha akaendelea. Nilimwona. Nilidhani ni umri.

Aliyenifungua macho ni mkewe. Nilisikia Kipa amelazwa, nikaenda kumjulia hali kama mtu yeyote, na nikamkuta mwanamke yule amekaa kwenye mkeka nje ya wodi, ameegemea ukuta. Ndani walikuwa wamemuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Nikamuuliza, "Shemeji, hii figo imeanza lini?" Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jua limeanza lini.

"Zamani," alisema. "Tangu yeye anacheza. Daktari aliona mawe kwa figo. Akamwambia, mwaka hii usifunge, kunywa maji mingi, hata uwanjani kunywa. Hata sheikh alimwambia mgonjwa ana ruhusa. Alificha watu wa timu, alisema mgonjwa hapangwi. Halafu siku ile wakamuona."

"Na baadaye? Mbona alifunga miaka yote ile?"

"Nililia na yeye. Nilimwambia, figo yako itakufa. Aliniambia, wacha ikufe, watoto yangu hawataitwa watoto ya Biyo." Akajifuta uso kwa ncha ya shela. "Mtu mmoja tu alipiga kelele, abti. Mtu mmoja. Mimi namuombea Mungu kila siku amuonyeshe."

Niliaga. Baadaye nilimuuliza daktari mmoja tunayefahamiana, kwa kuzunguka, kama mtu wa namna hiyo kufunga miaka mingi kunaweza kumfikisha kwenye mashine. Akasema hawezi kuapa, lakini yeye angemkataza. Jibu hilo nimelibeba kila mahali. Nimejaribu kulipunguza, nimejaribu kusema mawe yale yangemmaliza hata hivyo, na huenda ni kweli. Lakini ukweli mwingine pia upo, na huo ni wangu: kile kiganja kiliniomba dakika chache tu.

Nilichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda kwake. Ilikuwa asubuhi, baada ya siku yake ya mashine. Nilimkuta kivulini kwenye kitanda cha kamba, amejifunika shuka la pamba hadi kifuani, miguu imevimba, mikono ile mikubwa imebaki mifupa na kile kidole kilichopinda. Kando yake palikuwa na kifuniko cha chupa ya chai, kimejaa maji nusu. Ndiyo yalikuwa maji yake ya asubuhi nzima. Figo zikishakufa hata maji yanakuwa sumu, wanakupimia. Mtu tuliyemfukuza kwa kunywa sasa alikuwa anakatazwa kunywa, na jua la Garissa halikuwa limebadilika hata kidogo.

Mkewe akaniletea glasi ya maji ya mtungi, ya baridi, akaiweka mbele yangu kama anavyowekewa mgeni yeyote, kisha akaingia jikoni. Sikuigusa.

"Kunywa," Kipa akasema.

"Nimeshiba."

"Maji hushibi, warya. Kunywa."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia kwamba nina jambo, nikaanza kutoka mbali, mvua, basi la Wajir, mechi, na sauti ikaanza kunipanda yenyewe, nikawa karibu kulia kwa nguvu. Akainua kiganja. Safari hii nilingoja.

"Najua ni wewe," alisema polepole, anapumua kati ya maneno. "Miaka sita unaniambia ubebo unatoka wapi. Unafikiri sauti hiyo mimi nasahau?"

"Ulijua siku zote?"

"Siku ile ile."

"Na hukusema."

Alitabasamu kidogo. Hakuutaja msemo wake, hakukuwa na haja. Aliutoa mkono wake akashika wangu, akauvuta chini ya shuka, huku mkewe akisikika jikoni akigonga sufuria. Akabana vidole vyangu vyote vitano kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, na kidole kile kikanichoma kiganjani.

"Nimekusamehe. Mungu ni shahidi. Hii ni ya mimi na wewe." Hakuuachia mkono. "Lakini ile maneno ulisema kwa sauti, walaal. Kitu ya sauti haifutiki chini ya shuka."

"Nitasema. Ijumaa hii, msikitini, nitasimama mbele ya watu."

"Abana, si sasa." Alifumba macho. "Nikiwa hai watakuja hapa wote, kulia, kuniomba. Mimi nimechoka, siwezi kubeba watu. Ngoja siku ile. Siku sheikh anasimama anauliza watu, huyu alikuwa mtu gani. Wewe una sauti kubwa. Hapo sema. Sema Kiba alikuwa mgonjwa, hakula Ramadhani. Watoto yangu watakuwa hapo, wasikie."

"Wallahi nitasema," nikamwambia.

"Wallahi?"

"Wallahi, Kipa. Mbele ya wote." Nikavibana vidole vyake, vyote vitano, kama tunavyofunga biashara.

Akauachia mkono wangu. Alionekana amepumzika, uso umelegea, ule uso aliokuwa nao baada ya filimbi ya mwisho tukiwa tumeshinda. Akaielekeza glasi kwa kidevu.

"Sasa kunywa."

Nikaichukua. Nikanywa yote, naye akanitazama koo mpaka glasi ikaisha.